Punda wa Lamu, farasi wa Norwei

Wenzangu tulioondoka Pwani wamegawanyika mafungu mawili. Wa kwanza wanasema Ulaya ni pepo, wa pili wanasema ni jela yenye mshahara. Mimi nimeishi karibu na mji wa Lillehammer, Norwei, miaka saba, na sijapata fungu la kuingia.

Desemba huku jua huchomoza baada ya saa tatu asubuhi, na saa tisa na nusu limeshazama. Miaka miwili ya mwanzo nilikaa ndani nikilalamika. Wa tatu, jirani yangu, mama wa makamo mwenye farasi wawili, alinipa skii za zamani za mumewe, zile mbao ndefu za kufunga miguuni kutelezea thelujini, akaniambia nimfuate.

Nilianguka hata penye tambarare. Hizi si skii za kuteremkia milima zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Ni nyembamba, kisigino kiko huru, na unakwenda kwa miguu na mikono pamoja kama mtu apigaye makasia. Chini yake hupakwa nta, nayo huchaguliwa kwa baridi ya siku hiyo. Ukikosea, kila kilima unarudi kinyumenyume. Wazee wakisikia natoka Kenya hunitajia Philip Boit, Mkenya aliyemaliza wa mwisho mbio za skii za kilomita 10 kwenye Olimpiki ya Nagano, Japani, mwaka 1998, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwei, akamngoja mwishoni amkumbatie. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Kwa ajili yake nimesamehewa maanguko mengi.

Lakini kilichonishika hasa ni farasi. Ni mdogo wa miaka minne, wa kabila lile fupi la rangi ya mchanga, nywele za shingo zina ukanda mweusi katikati. Tunamfunza kuvuta sleji, gari la thelujini lisilo na magurudumu. Kwanza unatembea nyuma yake na hatamu ndefu, wiki nzima, bila mzigo. Halafu unamfungia tairi kuukuu alizoee kukwaruza nyuma yake. Viatu vyake vina misumari ya kushika barafu, na mpira ndani yake ili theluji isijigandie kwenye kwato. Kanuni kuu ni moja: akikubali hata nusu hatua, legeza hatamu papo hapo. Kulegeza ndiyo asante yake.

Mama yule aliniuliza mkono huu nimejifunza wapi. Nikamwambia kwa punda. Babu yangu alibeba mchanga na mawe ya ujenzi katika vichochoro visivyopitisha gari, shogi mbili, yaani vikapu vya mizigo, ubavuni mwa punda, na akitukuta tunavuta kamba alikuwa akisema, "Ukimvuta naye hukuvuta." Tulimcheka. Leo watu hulipa ada kufundishwa hayo hayo. Sisemi kwetu punda hutunzwa vizuri. Fimbo nimeiona, na nimeishika. Nasema ujuzi ulikuwepo, tukauita kazi ya mtu asiyesoma.

Jambo jingine ni njia. Tangu mwaka 1957 kuna sheria huku inayomruhusu mtu yeyote kupita porini kwa miguu au kwa skii, hata kama msitu una mwenyewe. Watu wa kujitolea huchonga mifereji ya skii kwa mashine, na farasi haruhusiwi kuikanyaga, ana njia yake. Mimi mgeni napita kokote. Kwetu, kila nikirudi, nakuta ukuta mpya penye njia niliyopita utotoni kwenda ufukweni, na hakuna wa kumuuliza. Hapo ndipo ninapowaonea wivu. Theluji wakae nayo.

Wala wasinielewe vibaya wale wa fungu la pepo. Msituni kila anayepishana nami hunisalimu. Mtu huyo huyo kesho kwenye basi atatazama dirisha mpaka ateremke. Mjini Lamu, kutoka nyumbani hadi uwanja wa Mkunguni huwezi kufika bila kuulizwa habari ya kila mtu wa nyumbani kwako.

Jumamosi nilimpigia mama simu nikiwa bandani, baridi nyuzi 12 chini ya sifuri, nikamwonyesha farasi kwenye kioo. Akamtazama sana.

"Mzuri, mashallah. Anabeba nini?"

"Habebi kitu, mama."

"Na wewe waamka alfajiri kwa ajili yake?"

"Naam."

Nikasikia akimwita shangazi aje aone.