Dashibodi ya biashara: namba tano au kila kitu?

Kila kampuni ikitaka kutengeneza dashibodi, yaani skrini moja inayoonyesha namba za biashara, ugomvi ni uleule, bosi anataka vyote vionekane sehemu moja, mauzo, faida, stoo, malalamiko ya wateja, mpaka nani kachelewa kazini, na anayeitengeneza anasema bosi, namba tano zinatosha. Mi naona wote wana hoja, ila kuhesabu namba ndo sio pa kuanzia.

Tuanze na wa namba chache. Skrini ikiwa na grafu ishirini mtu anaangalia ile anayoipenda basi, zingine pambo. Na hata hizo chache inategemea umezichoraje, watafiti wa takwimu Cleveland na McGill walilipima hili mwaka 1984, wakakuta watu wanalinganisha vizuri zaidi vitu vikipangwa kwenye kipimo kimoja kuliko wakikadiria pembe au ukubwa wa eneo. Kwa hiyo chati ya nguzo, japo haina mvuto, inaishinda chati ya duara, inazishinda pia zile geji za mshale ambazo wauzaji wa programu wanapenda kutuonyesha kwenye demo (zinapendeza, sikatai). Na ukitumia nyekundu na kijani weka na alama nyingine pembeni, maana kuna watu hawatofautishi hizo rangi, wengi wao wanaume.

Shida ni pale namba moja inapogeuka mfalme. Benki ya Wells Fargo ya Marekani ilikuwa inawabana wafanyakazi kwenye idadi ya huduma wanazouzia kila mteja, mwaka 2016 ikagundulika kuna akaunti zinazokadiriwa kufika milioni 2 zilizofunguliwa bila wateja kuruhusu, faini dola milioni 185 na wafanyakazi kama 5,300 wakafukuzwa. Kwenye ripoti za mauzo kila akaunti hewa ilikuwa ni tageti imetimia! Hapo ndo upande wa bosi unapata nguvu, na sio wazo geni, Kaplan na Norton, wataalamu wa uongozi wa biashara, tangu 1992 walisema fedha peke yake haitoshi, angalia na wateja, michakato ya ndani, na kujifunza. Ila mi nisingejaza skrini kwa sababu hiyo, ningeipa kila namba mlinzi wake tu. Akaunti zilizofunguliwa zikae na akaunti zinazotumika, kasi ya kupeleka mzigo ikae na mizigo iliyorudishwa. Na kabla namba haijaingia jiuliza ikishuka kesho nani atafanya nini, jibu likikosekana itoe, hata kama bosi anaipenda.

Kitu ambacho pande zote mbili wanakisahau ni mlinganisho. Dashibodi nyingi zinaonyesha mwezi huu dhidi ya mwezi uliopita na kamshale, mauzo yameshuka asilimia 3, basi kikao cha saa nzima, watu wanatunga sababu, mwezi unaofuata yanapanda yenyewe na kila mtu anadai ni yeye. Mtaalamu wa takwimu Walter Shewhart alishalitolea dawa mwaka 1924 akiwa Western Electric, kampuni ya Marekani ya kutengeneza vifaa vya simu, chora mwenendo wa muda mrefu, weka mpaka wa juu na wa chini kutokana na namba zenyewe zinavyocheza, ikicheza ndani ya mipaka bila kuonyesha mwelekeo usianze kusaka mchawi, ikitoka nje hapo ulizia. Ajabu chati hii ina miaka mia moja na bado ni nadra kuikuta kwenye dashibodi za maofisini.

Kuhusu data kuingia papo kwa papo, kwa foleni ya simu za wateja au mitambo ya kiwandani sawa, dakika kumi zina maana pale. Faida ya mwezi kuitazama kila saa sioni faida yake, tena tarehe 9 mauzo yameshaingia na gharama nyingi bado hazijaandikwa, kwa hiyo hiyo namba kubwa ya kijani unayoifurahia sio faida.