Meno ya Maalim

Sisi tuliosoma pamoja Pemba tuna kundi letu la barua pepe, tangu enzi za kulipia intaneti kwa nusu saa. Anwani ni moja. Ukiiandikia, barua inawafika watu 214: Wete, Mkoani, Unguja, Maskati, mpaka London na Toronto.

Siku hiyo Maalim wetu wa hesabu, mzee wa miaka sabini na ushei, akatuma mwaliko: anaoa. Barua ndefu ya kiungwana, na dua mwishoni. Rafiki yangu wa Wete akajibu, "Mungu atie kheri." Miye niko Darajani nasubiri daladala, mkono huu simu, huu mtungo wa changu. Nikabonyeza Jibu chini ya jina la rafiki yangu, nikamwandikia:

"Yakhe, mimi nakwendea biriani tu. Bwana harusi mwenyewe ana meno mawili, nyama atatafuniwa na nani?"

Sijafika Amani, simu ikaanza kutetemeka mfukoni kama ina homa.

Kumbe aliyeliunda kundi aliliweka hivi: ukijibu, jibu halimrudii aliyeandika, linarudi kwa wote. Ingekuwa WhatsApp ningewahi kuwafutia watu. Barua pepe ikishatoka imetoka. Niliifuta mbio mbio, nikawa nimejifutia mwenyewe.

Aibu ile ningeimeza. Walioniua ni waliojibu. Huyu "Astaghfirullah", yule kacheka, mwengine "Nitoeni kwenye kundi hili", na kila mmoja, chini ya kineno chake, kaniachia barua yangu nzima nzima. Hakuna aliyekata hata mstari. Kufika Isha, meno mawili yalishapita mara thelathini na saba. Nilihesabu.

Mjuaji mmoja wa Toronto akatuletea somo: adabu za kujibiana zimeandikwa tangu Oktoba 1995, katika waraka uitwao RFC 1855, na humo watu wameonywa waangalie jibu la mtu mmoja lisije likaangukia kundi zima. Oktoba 1995 mimi nilikuwa juu ya mkarafuu, nani angenisomea? Na chini ya hilo somo lake la adabu, meno mawili yako pale pale.

Nikakaa kuomba radhi. Niliandika maneno mazuri, machozi yakanilenga mwenyewe: "Maalim wangu, niwie radhi kwa niliyoyasema juu ya meno yako." Nikabonyeza Jibu.

Wale waliokuwa hawana habari wakaanza kuuliza: meno gani?

Baada ya sala ya alfajiri ikaingia barua ya Maalim. Kwangu peke yangu. Amekata makorokoro yote, kaacha maneno yangu matatu tu, na jibu lake chini, vile vile alivyokuwa akisahihisha madaftari yetu:

"ana meno mawili"

Matatu. Rudia hesabu. Biriani ipo, njoo mapema.