Ghuba la Uswisi

Mtu akitoka Ulaya, hata kama alikwenda kwa kozi fupi ya mahesabu tu, hawezi kumaliza kikombe cha kahawa kijiweni bila kuikosoa serikali. Mimi nilikuwa Zurich. Jumapili ya kwanza ya Mei mwenyeji wangu akanipandisha treni hadi Glarus, kamji kaliko katikati ya milima, kuona wananchi wa jimbo lile wakipitisha sheria uwanjani kwa kunyoosha mikono. Hakuna sanduku la kura. Kiongozi anakodoa macho, anaona upande upi una mikono mingi, imepita hiyo! Na raia yeyote anaruhusiwa kupanda jukwaani akataka mswada ubadilishwe.

Nikasimuliwa kwamba mwaka 2006 serikali ya jimbo ilipendekeza halmashauri 25 zipunguzwe zibaki 10. Akasimama raia mmoja: kumi za nini? Ziwe tatu. Mikono ikanyooka, na tatu zikawa tatu.

Habari hiyo nilirudi nayo Dodoma nikaihubiri kijiweni, kwenye daladala, mpaka msibani. "Sisi huku," nilikuwa nasema, "tunaulizwa kila baada ya miaka mitano. Wao kila baada ya miezi michache! Rais wao anakaa mwaka mmoja, anampisha mwenzake." Mtaa mzima ukaanza kuniita Uswisi, nami nikawa naitika.

Ukafika mkutano wa mtaa, chini ya mwarobaini, viti vya plastiki kwa wazee na matofali kwa sisi wengine. Ajenda ilikuwa ghuba la taka. Ofisi ya mtaa ilipendekeza maghuba matatu, na kila palipotajwa mwenye nyumba ya jirani aliruka juu. Zogo likawa kubwa. Nikaona nchi inanihitaji. Nikaomba nafasi, nikaeleza Glarus yote, pamoja na zile halmashauri, nikamaliza kwa kusema tupige kura ya mikono, na kila mwananchi awe huru kuleta pendekezo lake.

Bibi mmoja wa Kigogo, jirani yangu ukuta kwa ukuta, akanyanyuka taratibu akijifunga upya kitenge.

"Mjukuu wangu, huko wanawake nao wananyoosha?"

"Ndiyo bibi. Tangu 1971."

"Sabini na moja!" Akawageukia watu. "Bibi Titi alishaingia bungeni, akatoka, wao bado wanafikiria?"

Mkutano ukaangua kicheko. Nilidhani amemaliza. Kumbe ndiyo kwanza anapanda jukwaani.

"Sasa mimi ni raia, nina pendekezo. Matatu ya nini? Liwe moja. Na liwe pale getini kwa Uswisi, maana pana uwazi, guta linageuka vizuri, na mwenye nyumba ni mtu anayeheshimu maamuzi ya wananchi."

Mikono iliyonyooka siku ile hata Glarus sijaiona. Wazee, mama lishe, vijana wa bodaboda, hadi mpangaji wangu, ambaye kodi ya miezi miwili nilikuwa namdai na namdai bado. Mwenyekiti alikodoa macho kama nilivyomfundisha. "Sina haja ya kuhesabu," akasema, na mtendaji akaandika kwenye kaunta buku lake huku mabega yakimtikisika.

Nawasihi msinielewe vibaya: mfumo wenyewe bado nauunga mkono. Ila waliobuni ule wa Glarus hawakuujua upepo wa Dodoma wa mwezi wa saba. Unaanza saa nne asubuhi, unaokota maganda ya matikiti, nailoni na nepi, unapandisha vyote ukutani kwangu. Mbuzi wa mtaa wamehamia getini, na wapita njia wakiniona nafagia hunyoosha mkono mmoja juu, kimya, wakaendelea na safari.

Mkutano uliofuata niliwahi kiti cha mbele. Nikaomba ajenda ya ghuba irudiwe, safari hii kwa kura ya siri.

Bibi hakunyanyuka hata. "Ya siri ya nini, mjukuu wangu? Kwani Uswisi umehama?"