Nyumbu Akizaa, Ng'ombe Hupisha

Kati ya Januari na Machi, mvua zikinyesha vizuri, nyanda za Simanjiro mashariki mwa Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, Tanzania, huota majani mafupi na laini. Mfugaji yeyote angeyatamani. Lakini miezi hiyo layoni, vijana wa Kimasai wanaochunga, huswaga ng'ombe kwenda vichakani, kwenye majani magumu na kupe tele, kwa sababu uwandani nyumbu wanazaa.

Ndama wa nyumbu hubeba kirusi ambacho yeye hakimdhuru. Katika miezi ya mwanzo ya uhai wake hukitoa kwa kamasi na machozi, kikabaki kwenye majani. Ng'ombe akikipata, huchukua wiki kadhaa, kisha homa inapanda, pua inaziba kwa kamasi nzito na macho yanaingia ukungu mweupe. Tiba hakuna, na karibu kila anayeugua hufa. Wamasai huuita ugonjwa huu kwa jina la nyumbu mwenyewe, na kinga yao ya jadi ni kumpisha.

Kwa hiyo ninapowasikia watu wakisema mifugo inawapokonya wanyamapori malisho, nauliza: msimu gani? Wahifadhi wana hoja nzito. Nyumbu wa Tarangire wamepungua sana tangu miaka ya 1980. Hifadhi ina kilomita za mraba kama 2,850 tu, na majani yake hayana fosforasi ya kumtosha mama anayenyonyesha. Ndiyo maana mvua zikianza wanyama hutoka kwenda kwenye ardhi ya vijiji. Uwanda huo ukijaa mifugo, hifadhi haiwezi kuwabeba peke yake. Na kiangazi kikikaza, ng'ombe na pundamilia hugombea kweli kila kilichobaki.

Laikipia, Kenya, jambo hili limepimwa. Watafiti walizungushia maeneo uzio tangu 1995, mengine ng'ombe wakilisha peke yao, mengine pamoja na wanyamapori. Matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha kuwa kiangazi ng'ombe waliochangia malisho na wanyamapori waliongezeka uzito mdogo kuliko wenzao waliolisha peke yao. Masika ikawa kinyume, maana pundamilia hula mabua makavu na kumwachia ng'ombe majani mabichi. Ushindani upo, ila si wa mwaka mzima, na hakuna anayestahili kufukuzwa kwa sababu hiyo.

Jembe linanitia hofu zaidi. Shamba la mahindi au maharage likifunguliwa katikati ya uwanda, nyumbu na ng'ombe wanapoteza kwa pamoja. Kijiji cha Terrat, hukohuko Simanjiro, kililiona hili mapema: katikati ya miaka ya 2000 kilikubaliana na kampuni za utalii kutolima sehemu ya uwanda wake, kikalipwa kama dola 5,000 kwa mwaka, na mifugo ikaendelea kulisha. Kwa kijiji kizima fedha hiyo ni ndogo. Hata hivyo ililipia kitu ambacho kwingine hutolewa bure. Kanuni za Tanzania za 2011 za kifuta jasho na kifuta machozi, yaani malipo kwa waliodhuriwa na wanyamapori, zimeandikwa kwa ajili ya wanyama hatari kama tembo na simba. Maksai aliyekufa kwa kamasi ya ndama wa nyumbu hana pa kuhesabiwa.

Chanjo imejaribiwa hukohuko Simanjiro, ikakinga zaidi kidogo ya nusu ya ng'ombe. Wapo wahifadhi wanaohofia kwamba ikija iliyo bora, mifugo itarudi uwandani mwezi wa Februari na nyumbu watakosa pa kuzalia. Hofu hiyo naielewa, lakini sikubali uhifadhi unaotegemea ng'ombe wa mtu aendelee kufa. Wazee wa Kimasai wanajua kufunga malisho: alalili, sehemu inayotengwa kwa ndama na ng'ombe dhaifu, hufunguliwa kwa makubaliano na anayevunja hutozwa faini. Chanjo itolewe, kisha wazee hao wakae na wahifadhi wapange tarehe za uwanda kufungwa, na kijiji kilipwe kwa kila wiki ambayo ng'ombe wake wako nje.