Padova, Mji Mkongwe na mwenye mali asiyekufa

Wageni wangu wanaotoka nyumbani, nikishawazungusha Padova, husema neno lile lile: "Wenzetu wanajua kutunza." Hulisema kwa masikitiko, kana kwamba kutunza ni kipaji ambacho Mungu amewapa Wataliano akatunyima sisi. Silikubali. Nimezaliwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, naishi hapa Padova, Italia, na nilichokiona ni kitu kingine kabisa.

Chukua Bustani ya Mimea ya Chuo Kikuu cha Padova. Seneti ya Jamhuri ya Venezia, iliyoitawala Padova wakati huo, iliiidhinisha mwaka 1545, baada ya Francesco Bonafede, aliyekuwa akisomesha mimea ya dawa, kuomba wanafunzi wa tiba wapate mahali pa kujifunza kutofautisha mmea unaoponya na mmea unaoua. Mimea ile ilikuwa na thamani kubwa, wezi wakawa wanaingia kuing'oa, ndipo ukajengwa ukuta wa duara unaoizunguka hadi leo. Ndani ya duara mna mraba, mraba umegawanywa mara nne, na kila robo ina vitalu vidogo vidogo vilivyokingwa kwa mawe, kila mmea na kibao chake cha jina.

Katika nyumba ya vioo yenye pembe nane umo mti wa jamii ya mitende uliopandwa mwaka 1585. Goethe, mshairi wa Kijerumani, aliuona mwaka 1786, ukamtia fikra juu ya namna mimea inavyobadili maumbo, na watu wakauita kwa jina lake. Mimi huwapa wageni wangu hesabu ya kwetu: mti huu ulikuwa na miaka minane ardhini Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu kule Mombasa, kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Ngome ni mawe, inaweza kuachwa miaka ikavumilia. Mti unataka maji, na baridi ya huku unataka kukingwa nayo. Kwa zaidi ya miaka 400 hakijatokea kizazi hata kimoja kilichousahau.

Kwa nini hakikutokea? Jamhuri ya Venezia ilianguka mwaka 1797. Wakaja Wafaransa, wakaja Waustria, ukaja Ufalme wa Italia, zikaja vita mbili za dunia. Katika yote hayo mwenye bustani alibaki yule yule, yaani chuo kikuu, ambacho chenyewe kilianza mwaka 1222. Hakioi, hakifi, hakigawanywi mirathi. Na chini yake yupo mtu wa kila siku. Asubuhi moja nilisimama kumtazama mtunza bustani mmoja, mtu wa makamo, kapiga magoti pembeni mwa kitalu anatoa magugu kwenye nyufa za mawe kwa ncha ya kisu. Akimaliza ufa mmoja anahamia wa pili, wala hana haraka. Wageni walikuwa wakimpita kwenda kuupiga picha mtende wa Goethe, na mtende huo upo kwa sababu ya watu kama yeye.

Msidhani Padova haijapata msiba. Tarehe 11 Machi 1944 mabomu yaliangukia kanisa la Eremitani, na michoro ya ukutani ya mchoraji wa kale Mantegna ikawa kifusi. Watu walikusanya vipande, vingine vidogo kama ukucha, wakavihifadhi. Miongo kadhaa baadaye vikapigwa picha kimoja kimoja, na kompyuta ikasaidia kutafuta kila kipande kilikaa wapi, kwa kulinganisha na picha za zamani za rangi nyeusi na nyeupe. Vilikuwa zaidi ya 80,000. Jirani tu na hapo, kikanisa cha Scrovegni, ambacho kuta zake mchoraji Giotto alizichora hadi mwaka 1305 hivi, kilisalimika. Leo huingii moja kwa moja: mnakaa kwanza robo saa katika chumba cha vioo hadi unyevu mliokuja nao mwilini utulie, ndipo mlango unafunguliwa.

Unyevu! Hilo neno mtu wa Mji Mkongwe analijua. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Nililia mbele ya simu kama aliyefiwa. Lakini nyumba nyingi za kwetu hazifi kwa kishindo namna ile. Zinaanza na mlizamu, mfereji wa kutolea maji ya paani, ulioziba. Maji ya mvua yanarudi ukutani, na ukuta wetu ni mawe ya matumbawe, udongo na chokaa. Ukilowa unaweza kukauka, kwa sababu chokaa inapumua. Halafu anakuja fundi asiyejua, anapiga lipu ya saruji juu yake. Kwa nje panapendeza. Kwa ndani maji na chumvi vimefungiwa, na vichwa vya boriti za mikoko vilivyomo ukutani vinaoza kimyakimya hadi siku dari inapokuja chini. Mlizamu ungezibuliwa kwa ngazi na mkono wa mtu mmoja.

Basi nani azibue? Hapo ndipo penye ugonjwa wetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilitaifishwa, familia kadhaa zikakaa nyumba moja kwa kodi ndogo isiyotosha matengenezo. Nyingine zina warithi thelathini, na kila mmoja anamtazama mwenzake. Mji umeingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, mamlaka ya hifadhi imekuwapo tangu 1985, na bado paa linavuja kwa sababu halina mtu wake.

Kinachonitia uchungu ni kwamba dawa tulikuwa nayo sisi wenyewe, wala hatukuhitaji kuifuata Italia. Wakfu ni nini? Mtu anaitoa nyumba au shamba, haliuziki tena wala halirithiwi, na pato lake linakwenda alikokutaja: msikiti, kisima, mayatima, ukoo wake. Na mafakihi, wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanasema pato hilo lianze kuutengeneza wakfu wenyewe kabla ya kugawiwa yeyote. Huyo ndiye mwenye mali asiyekufa! Babu zetu walimjua, na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ipo Zanzibar hadi leo. Tunachokosa ni kulishika lile sharti la matengenezo kwa nguvu ileile tunayoishika hesabu ya mgao.

Wala sitaki tuige kila kitu. Venezia mji wa kale ulikuwa na wakazi kama 175,000 mwaka 1951. Sasa hawafiki 50,000, na nyumba zimekuwa vyumba vya wageni. Mawe yametunzwa, watu wamehama. Mji Mkongwe bado una wazee barazani, watoto wanaokwenda chuo cha Kurani na juzuu mkononi, harufu ya mkate wa ufuta jioni. Uhai kama huu Padova nimeupata sokoni tu, chini ya Palazzo della Ragione, jumba lililoanza kujengwa mwaka 1218, ambako hadi leo wauza nyama na jibini wanauza kama walivyouza wazee wao. Kila hoteli mpya inapofunguliwa kwetu kwa kuwatoa wakazi, tunakwenda njia ya Venezia.

Nyumba ya ukoo wetu iko Malindi, na warithi wake wametapakaa Maskati, Dubai, London na Dar es Salaam. Chini pana duka lenye mpangaji. Nimependekeza kodi ya duka isigawiwe tena kila mwezi, iende kwanza kwenye paa na mlizamu, na atafutwe fundi wa chokaa aje kabla ya masika. Shangazi ameafiki. Binamu zangu wa Maskati wanataka kuona hesabu kwanza, na ni haki yao, naiandaa.