Paa la SLK si lile lile
Kuna makala ambayo mwandishi wake anasema SLK za Mercedes, magari madogo ya viti viwili yenye paa la chuma linalojikunja ndani ya buti, zilibadilika sura tu toleo hadi toleo. Sivyo. Paa la chuma la ile ya 1996 lilifunguka kwa takriban sekunde 25, la 2004 kwa 22, la 2011 chini ya 20. Mwaka 2016 jina likawa SLC.

Anayenunua hapa Malindi aanzie kwenye buti: pazia linalotenga mizigo na nafasi ya paa lisipovutwa na kushikizwa, paa haliendi, na watu hubadilisha bure pampu nzima ya oili inayosukuma paa! Atazame pia oili inayovuja kwenye silinda za paa, hasa toleo la kwanza. Mipira ya kuzibia kingo za paa ipakwe silikoni, si grisi ya kawaida, maana huivimbisha. Kusi ikivuma na chumvi, suuza gari kwa maji matamu, si ya kisima cha chumvi.