Panga, simu na kitanzi kisichonyonga

Kaa barazani popote Kisauni au Likoni, hapa Mombasa, baada ya isha, taja vijana wanaopora watu kwa mapanga, na jibu utakalopata ni hili: "Wanashikwa leo, kesho wako nje." Anayefuata kusema atataka wanyongwe. Hapo huwa nasita, maana sheria tayari inasema wanyongwe, na wengi wanaodai hivyo hawana habari.

Kifungu cha 296(2) cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinasema mwizi wa mabavu akiwa na silaha ya hatari, au akiwa na mwenzake hata mmoja, au akimjeruhi mtu, adhabu yake ni kifo. Haihitajiki yote matatu, moja latosha. Kijana wa miaka 19 aliyemwonyesha mama kisu pale steji akaondoka na simu yake ameshaingia humo. Lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, walipouawa waliohukumiwa kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Mwaka 2009 Rais Kibaki aligeuza hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa vifungo vya maisha. Uhuru Kenyatta akawafanyia hivyo wengine 2,747 mwaka 2016. Kitanzi kimebaki kitabuni, na mtu amebaki gereza la Shimo la Tewa. (Tewa ni samaki yule mkubwa anayejificha kwenye mapango ya miamba. Waliopaita hivyo hawakuwa wakifikiria jela, lakini jina limekaa.)

Kisha ikaja kesi ya Francis Muruatetu, aliyekuwa amehukumiwa kifo kwa mauaji. Desemba 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kumlazimisha jaji atoe hukumu ya kifo kwa kila muuaji ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamnyima mshtakiwa nafasi ya kujitetea juu ya adhabu. Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi ule ulihusu mauaji peke yake. Matokeo yake ni kichekesho kichungu: aliyeua anaweza kueleza umri wake, majuto yake na mazingira ya tendo, akapewa miaka. Aliyepora simu na kisu mkononi, kwa maandishi ya sheria, hana cha kueleza.

Wanaotaka ukali nawaelewa, na sitaki kuwasema vibaya. Mwenye duka anayefunga mapema kwa sababu ya magenge naye ameadhibiwa, tena bila kosa. Pia ukali una kazi nyingine ambayo sisi tunaopenda kusema habari za kurekebisha tabia huisahau, nayo ni kuwatuliza watu wasichukue sheria mkononi. Umati ukiamini mahakama haina meno, tairi na petroli havichelewi kufika. Mwongozo wa hukumu wa Mahakama wa 2016 wenyewe ulitaja kulipiza, kuogofya na kuilinda jamii pamoja na kurekebisha na kupatanisha. Hakuna aliyesema hakimu achague moja.

Ila tazama tena lile neno la barazani. "Kesho wako nje" halihusu hukumu hata kidogo. Hapo hakuna aliyehukumiwa. Kijana yuko nje kwa dhamana, ambayo Katiba inampa katika kifungu cha 49 isipokuwa kuwe na sababu nzito ya kumnyima. Au yuko nje kwa sababu shahidi anakaa kichochoro kimoja na wenzake mshtakiwa, na baada ya kesi kuahirishwa mara ya nne ameona bora anyamaze. Kesi inaanguka. Sisi tunadai adhabu iongezwe, na kilichoharibika kimeharibika kabla adhabu haijafikiwa. Kijana mwenye panga hahesabu miaka iliyoandikwa kitabuni, anahesabu uwezekano wa kushikwa na uwezekano wa wewe kufika kortini kumtaja. Hapo ndipo ningeweka nguvu: kumlinda shahidi, kumaliza kesi upesi. Kitanzi hakiwezi kuifanya kazi hiyo.

Kwa makosa madogo mambo ni mepesi zaidi. Anayeshindwa kulipa faini ya shilingi 10,000 anaweza kulala jela hadi miezi mitatu, huku mwenye pesa akitoka siku hiyo hiyo. Sheria ya kuhudumia jamii ya 1998 ipo, na hakimu anaweza kumpa mtu kazi ya kufagia soko au kusafisha zahanati pale kifungo kinachomstahili hakizidi miaka mitatu. Sioni hoja ya maana dhidi yake.

Mahali ambapo mimi mwenyewe nageuka ni kesi za watoto walionajisiwa. Sheria ya makosa ya ngono ya 2006 inaweka kiwango cha chini: maisha kwa aliyemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini, miaka 20 kwa wa 12 hadi 15, na 15 kwa wa 16 na 17. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisisitiza kuwa viwango hivyo havipunguzwi na hakimu. Kwa mantiki yangu ya juu ningepaswa kulalamika. Silalamiki sana, kwa sababu nayajua maslaha, yaani kesi kumalizwa na wazee nje ya mahakama. Wazee wa pande mbili wanakaa, pesa inapita mkono huu hadi ule, na mtoto haulizwi. Hiyo nayo huitwa upatanisho. Mlango wa huruma ukiachwa wazi, wa kwanza kuupita huwa ni mwenye nguvu. Hata hivyo sheria hiyo hiyo inampa miaka 15 kijana wa 18 aliyekuwa na mpenzi wa 17, na hapo ukali wangu unaishiwa maneno.

Nirudi kwa yule mama wa steji. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 inampa nafasi ya kuieleza mahakama alivyoumizwa kabla adhabu haijatolewa. Anaweza kusema hajalala vizuri tangu siku ile. Anaweza pia kusema anataka kijana afungwe lakini asife, maana anamjua mama wa kijana huyo. Chini ya 296(2) hakimu atamsikiliza, atamshukuru, kisha atasoma kifo.